Kigoma tunabadili lugha katikati ya sentensi: nani au nini anaamua?

#1 Mwanakatonga
Habari za muda huu wana jukwaa. Naanza na msimamo wangu kabisa ili mnipinge vizuri: anayechanganya lugha tatu katika mazungumzo mamoja hajashindwa lugha, amezimudu. Nimechoka kusikia wageni wanaoshuka Kigoma wakituambia Kiswahili chetu "kimeingiliwa".

Mwangalieni mama muuza dagaa pale Kibirizi, ufukweni. Kakalia ndoo aliyoipindua. Mteja wa kwanza ni Mrundi, anamwamkia kwa Kiha, lugha yetu ya hapa, na wanasikilizana bila mkalimani. Bei ikianza tu, wote wanahamia Kiswahili. Anakuja Mkongomani anayetaka magunia, hesabu zinapigwa kwa Kifaransa, na mama huyu darasa la Kifaransa hajawahi kulikalia. Simu inaita, ni binti yake: Kiha tena, lakini ada, fomu na benki vimo humohumo kwa Kiswahili. Gunia bado halijafungwa mdomo.

Swali: ni nini kinaamua pale anapogeuza? Maana hakuna anayemwambia "sasa badili".

#2 Kijana_wa_Gungu
Naweka kambi hapa, nasubiri wazee wa lugha.

#3 Boti_Mbili
Mimi nafanya biashara hapohapo Kibirizi, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: bei ndiyo inaamua. Mrundi ukimpokea kwa Kiswahili wewe ni muuzaji kama wengine. Ukimpokea kwa Kiha anajiona kafika kwa ndugu, anakaa, anauliza habari za nyumbani, na akishakaa hanunui kwingine. Lakini bei yenyewe huitaji kwa Kiha, kwa sababu ndugu huwezi kumkazia. Unahamia Kiswahili ili kila mtu ajue sasa tuko kazini.

Halafu kuna siri. Sisi wauzaji tukitaka kuambiana "usishuke zaidi ya hapo" inategemea nani amesimama mbele yetu. Akiwa mtu wa Dar, Kiha kinatosha. Akiwa Mrundi, Kiha hakifichi kitu, anasikia kila neno. Hapo Wabembe ndio wanafaidi, wanarukia Kibembe na wote tunabaki tunatazamana.

#4 Mwl_Kasulu
Mada nzuri. Mwanakatonga, hili liliandikwa zamani. Mwaka 1972 mtaalamu wa lugha Abdulaziz Mkilifi alieleza Tanzania kama nchi ya ngazi tatu: lugha ya kabila nyumbani, Kiswahili katikati, Kiingereza juu, na kila moja ina kazi yake. Mtoto wa Kasulu anaota moto jikoni kwa Kiha, shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza. Kwa hiyo kinachoamua ni shughuli. Mama wa Kibirizi hageuzi lugha, anageuza shughuli, na lugha inafuata.

#5 Bint_Ujiji
Mwalimu, na Kifaransa cha magunia kiko ngazi ya ngapi?

#6 Mwl_Kasulu
Dada umenibana. Kigoma inahitaji ngazi ya pembeni.

#7 Shemeji_wa_Buhigwe
Boti_Mbili anaongea kama kila kitu ni pesa. Mimi nimezaliwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, nimeolewa Buhigwe. Mama mkwe wangu siwezi kumwamkia kwa Kiswahili. Si kwamba hakijui, anakijua kuliko mimi. Lakini salamu ya Kiha inakuja na mwili: unainama, unapiga makofi taratibu, anaitikia, unauliza tena, anaitikia tena, mpaka mmalize watu wote wa nyumbani na ng'ombe. Nikisema "shikamoo mama" nikakaa, ni kama nimeingia na viatu ndani.

Salamu ikiisha ndipo yeye mwenyewe ananihamishia kwenye Kiswahili, kwa huruma, kwa sababu anajua Kiha changu kinaishia mlangoni. Tukichambua maharage tunaongea Kiswahili vizuri tu. Akija jirani, narudi kwenye Kiha hata kama ni sentensi mbili, ili mama mkwe asiaibike. Sasa hapo bei iko wapi? Ni heshima tupu.

#8 Boti_Mbili
Shemeji, na heshima nayo ina faida yake. Mama mkwe akikupenda unapewa maharage ya kurudi nayo mjini.

#9 Shemeji_wa_Buhigwe
Napewa, na mawese juu. Hoja yangu iko palepale.

#10 MzeeWaReli
Vijana mnaongelea leo tu. Kigoma imekuwa njia panda kabla ya mpaka kuwepo. Ujiji ilikuwa mwisho wa misafara ya kutoka pwani, Waarabu na Waswahili waliishi pale katikati ya karne ya 19, na kutoka ng'ambo, Kongo, wakaja watu wa Manyema ambao wajukuu wao ndio wenyeji wa Ujiji mpaka sasa. Kiswahili hapa hakikuletwa na Mjerumani wala na shule. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1872, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya mji. Reli ilipofika 1914 ikaleta Wanyamwezi na watu wa bara yote. Kwa hiyo mama wa Kibirizi hafikirii abadili lini. Kazaliwa ndani ya mabadiliko hayo, na bibi yake vilevile.

#11 Bint_Ujiji
Shikamoo mzee. Mwaka ni 1871, mwezi wa Novemba. Mengine yote nakuunga mkono. Babu zetu Wamanyema walikuja na lugha zao, leo hapa mtaani utasikia Kiswahili cha Ujiji chenye lafudhi yake, na lugha zenyewe zimebaki kwenye nyimbo za ngoma na majina.

#12 MzeeWaReli
Marahaba binti. 1871, asante.

#13 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Nasoma nikiwa Tabora. Mzee ametaja misafara, basi na sisi tulikuwa na misafara hiyohiyo, tena ilipita kwetu kwanza ndipo ikafika kwenu, msijisifu sana. Lakini Tabora mjini leo watoto wanaongea Kiswahili kitupu. Kinyamwezi ukikisikia ni mzee anaongea na mzee mwenzake. Kama historia ya njia ndiyo sababu, mbona kwetu haikuzaa hayo?

Mimi nasema ni mpaka. Lugha ikiwa na ndugu ng'ambo haifi, inatumika. Kiha kina Kirundi na Kinyarwanda, wataalamu wanaziweka kundi moja pamoja na Kihangaza, Kishubi na Kivinza. Muha akijua Kiha ana nchi tatu za kuongea. Mnyamwezi akijua Kinyamwezi anaongea na Msukuma, basi.

#14 Mwana_Ulyankulu
Mnyamwezi, usiseme Tabora hakuna. Njoo Ulyankulu. Wazee wetu walifika kutoka Burundi 1972, na mwaka 2014 serikali ilipotoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya zamani ya wakimbizi, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, sisi tulikuwemo. Nyumbani kwetu ni Kirundi, dukani Kiswahili, na jirani Mnyamwezi tunamtania kwa Kinyamwezi. Mchanganyiko upo. Umekaa Tabora mjini tu wewe.

#15 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Nimekusikia ndugu. Kumbe mpaka umetembea mpaka Ulyankulu.

#16 Abiria_wa_Kasulu
Naona watu wanaongea mambo matamu, niwape chungu. Panda basi kutoka Kasulu kuja mjini. Watu wanaongea Kiha kwa sauti, wanacheka, mama anamgombeza mtoto kwa Kiha, kondakta anadai nauli kwa Kiha. Basi likipunguza mwendo kwenye kizuizi, lugha inakatika. Hakuna aliyetoa amri. Anayeingia kukagua anakuta basi zima linaongea Kiswahili, tena Kiswahili cha kunyoosha, na wengine wamenyamaza kabisa. Likishaondoka na kuvuka, Kiha kinarudi kidogokidogo, kuanzia viti vya nyuma.

Sababu mnaijua. Ukiongea Kiha chenye mvuto wa Heru au Manyovu, unadhaniwa Mrundi, na swali linalofuata ni "wewe ni raia?" Mimi nimeulizwa kitambulisho, nikakitoa, nikaulizwa jina la mwenyekiti wa kijiji, nikalitaja, nikaulizwa babu yangu kazikwa wapi. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa kijana wa Arusha, simu mkononi, anaongea Kiswahili cha mtaani. Hakuguswa.

Kwa hiyo Mwanakatonga, ukiuliza nini kinaamua, kwangu ni woga. Na woga si ustadi. Mama yangu ni Muha wa Kasulu kwa vizazi vyote tunavyovijua, na akifika kwenye kizuizi anajifunga mdomo kwa sababu Kiswahili chake kina Kiha ndani. Lugha ya nchi yake mwenyewe inamshtaki.

#17 Shemeji_wa_Buhigwe
Pole sana kaka. Barabara ya Manyovu ni hivyohivyo.

#18 Mkazi_wa_Buyenzi
Amahoro. Mimi ni wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na huwa nakuja Kigoma kibiashara. Kwetu Buyenzi Kiswahili ndicho cha mtaa, Kirundi cha nchi, Kifaransa cha karatasi, na tangu 2014 Kiingereza nacho kimewekwa kwenye sheria kuwa lugha rasmi. Nataka kumwongezea Abiria. Huyo mama yake anaficha Kiha ili asiitwe Mrundi. Mimi nikifika Kigoma nafanya kinyume chake: Kirundi changu nakisogeza kiwe karibu na Kiha, nasikiliza wenyeji wanavyoita vitu na mimi naita hivyohivyo, ili nisionekane mgeni wa kupandishiwa bei. Tunapishana njiani, yeye anakimbia kule ninakokwenda mimi.

#19 Mwanafunzi_Isimu
Hicho alichosema ndugu wa Buyenzi kina nadharia yake: Howard Giles, tangu miaka ya 1970, anasema mtu hurekebisha lugha yake kumsogelea mwenzake au kumkwepa. Na ya Mwl_Kasulu inafanana na ya John Gumperz. Yeye na Jan-Petter Blom mwaka 1972 waliandika juu ya kijiji cha Hemnesberget, Norwei, ambako watu walihama kati ya lahaja yao na lugha sanifu. Wakatofautisha kuhama kwa sababu mazingira yamebadilika, na kuhama ili kubeba maana ya ziada mazingira yakiwa yaleyale. Mama mkwe wa Buhigwe na jirani yake ni kuhama kwa kwanza. Boti_Mbili akiacha Kiha ili aweze kukaza bei ni kwa pili.

Carol Myers-Scotton, aliyefanya utafiti Kenya, anaongeza kwamba kila mahali kuna lugha inayotarajiwa, na ukichagua nyingine unakuwa umetangaza kitu. Pia anasema katika sentensi moja kuna lugha inayoshika usukani na nyingine inayopakiwa. Ukisema "amenifowadia", neno limetoka Uingereza lakini a-, -me-, -ni- na ule mwisho ni vyetu. Usukani uko kwa Kiswahili.

#20 Kijana_wa_Gungu
Kwenye basi la Abiria usukani ulikuwa kwa nani sasa?

#21 Abiria_wa_Kasulu
Kwa aliyesimamisha basi.

#22 Fundi_Nyarugusu
Mwanafunzi, nina swali na si la kukutega. Nimefanya kazi za ujenzi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambi ipo tangu 1996, Wakongomani walitangulia, Warundi wakaongezeka sana 2015. Watoto waliozaliwa pale wanasoma kwa mitaala ya kwao, Wakongomani kwa Kifaransa. Sasa yule mtoto wa Kikongomani akiongea na wenzake anasema "batoto" na "bintu", akigeuka kwangu anasema "watoto" na "vitu", bila kusita. Vyote ni Kiswahili. Hiyo nayo ni kubadili lugha?

Maana niliona jambo moja. Kulikuwa na kijana msaidizi wangu, tukichanganya zege ananiambia "lete ndoo" kwa Kiswahili cha kwetu. Akikosea kipimo nikamkaripia, anajibu kwa Kiswahili cha Kongo na mikono hewani. Nikajua amekasirika kabla sijaelewa anachosema.

#23 Mwanafunzi_Isimu
Ndiyo, hata Norwei ilikuwa lahaja na lugha sanifu, si lugha mbili za mbali.

#24 Bint_Ujiji
Mimi sikubali. Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili, tusikitoe nje ya familia kwa kukiita lugha nyingine. Ujiji tunacho nusu yake. Hii sanifu yenyewe ilichaguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kutoka Kiunguja, na Unguja ni mbali na hapa kuliko Kalemie ya Kongo.

#25 Mkazi_wa_Buyenzi
Umesema kweli dada.

#26 Baharia_Mstaafu
Ziwa mmelisahau. Nimesafiri na Liemba miaka mingi. Ile meli tangu ianze kazi 1927 imekuwa shule ya lugha. Unatoka Kigoma na Kiha na Kiswahili cha Ujiji, unashuka kusini unaingia kwa Watongwe, Kasanga ni Wafipa, ukifika Mpulungu, Zambia, ni Kibemba na Kiingereza. Na vituo vingi havina gati. Mitumbwi inakuja ubavuni usiku, watu wanapanda na mizigo, mananasi na magunia na kuku, na sisi tunaita kwa lugha ya kituo hicho kwa sababu mtu aliyening'inia kwenye kamba hana nafasi ya kutafsiri. Nguzo yangu ni hiyo: haraka. Unatumia lugha itakayosikika mara ya kwanza.

#27 MzeeWaReli
Baharia, hongera kwa kazi, ila Liemba haikuanza 1927. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaja vipandevipande na kuunganishwa hapa Kigoma kwa jina la Goetzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. 1927 ni pale ilipoanza tena kwa jina la Liemba.

#28 Baharia_Mstaafu
Kwa jina la Liemba, ndivyo nilivyosema mzee. Jina lingine silijui, sikupanda.

#29 Kijana_wa_Gungu
Na migebuka siku hizi mnauza bei gani huko Kibirizi?

#30 Boti_Mbili
Njoo kwa miguu yako, ukiuliza kwa Kiha nakupunguzia.

#31 Mhudumu_wa_Zahanati
Turudi kwenye mada. Nipo zahanati ya kijijini, sitaji ipi. Mgonjwa anaingia, tunasalimiana Kiswahili, anatoa kadi, anataja umri na kijiji kwa Kiswahili. Nikimuuliza "unaumwa nini" anaanza Kiswahili, "tumbo", halafu anasimama. Nikimwambia kwa Kiha nieleze, maumivu yanatoka yote: yanavuta au yanachoma, yanaanzia wapi, yanalala wapi. Dawa namwelekeza kwa Kiswahili, mara mbili kwa siku, na yeye akitoka nje anamwambia mumewe kwa Kiha, isipokuwa "mara mbili kwa siku" inabaki Kiswahili. Nadhani mwili una lugha yake na karatasi ina ya kwake. Ninachoogopa ni wahudumu wapya wasiojua Kiha. Wanaandika "tumbo" na kumaliza.

#32 Abiria_wa_Kasulu
Hii imenigusa. Mama yangu ndivyo alivyo.

#33 Mtetezi_wa_Kiha
Nimesoma uzi wote, na naona mnasherehekea msiba. Kila mfano hapo juu unaonyesha Kiha kikibakiwa na salamu, maumivu na ugomvi. Elimu, pesa, sheria na simu vyote viko kwingine. Mwaka 2021 bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia, lakini mzee wa Kibondo bado anasimama kizimbani akitafuta maneno. Angalieni watoto wenu mjini: wanasikia Kiha, hawakijibu. Bibi anauliza kwa Kiha, mjukuu anajibu kwa Kiswahili, mnaita huo ustadi. Kizazi kinachofuata hakitakuwa na cha kuchanganya. Mnyamwezi ameshatuambia mwisho wake ukoje.

#34 Mwl_Kasulu
Hapa nasimama na Mtetezi nusu. Vijijini watoto wanakuja darasa la kwanza na Kiha kizima, Kiswahili wanakikuta shuleni. Huko hakijapungua. Mjini ndiyo, mambo ni hayo uliyosema.

#35 Mwanakatonga
Asanteni kwa michango. Mtetezi, hofu yako naichukua kwa uzito, ila natenganisha watu wawili. Mjukuu anayejibu kwa Kiswahili kwa sababu hana Kiha, huyo amepokonywa, na sisi wazazi ndio tunatakiwa kuongea naye Kiha kila siku. Mama wa Kibirizi anazo zote na anachagua. Shane Poplack... nimeona kwenye vitabu vya mdogo wangu anaitwa Shana Poplack, 1980 alichunguza Waporto Riko wa New York, akakuta wanaohama katikati ya sentensi bila kuivunja ni wale waliozimudu lugha zote mbili. Ndicho ninachokiona ufukweni.

Kwa Abiria sina jibu. Pale mtu hachagui, anachaguliwa. Lakini yule mama akishavuka kizuizi akarudi kwenye Kiha chake, hapo ninamwona amechagua.

#36 Abiria_wa_Kasulu
Hajachagua, amepumua tu. Siku atakapoongea Kiha mbele ya mkaguzi na asiulizwe babu kazikwa wapi, hapo nitakubali neno ustadi.

#37 Shemeji_wa_Buhigwe
Niongeze ya nyumbani. Mimi na mume wangu tukigombana tunaanza kwa Kiswahili, ikichacha yeye anahamia Kiha, na akishahamia najua leo hatulali mapema. Kupatana ni kwa Kiswahili. Kwa hiyo #22 wa Nyarugusu yuko sahihi, hasira inarudi kwao.

#38 Mwana_Ulyankulu
Kwetu ni kinyume kabisa. Baba akikasirika anakiacha Kirundi, anakaripia kwa Kiswahili kama mkuu wa shule. Akirudi kwenye Kirundi tunajua yameisha, twende tukale.